Rafu ya Mjerumani

Huku kwetu kitu kikishakuwa kizee na kizito, basi ni cha Mjerumani. Daraja limepinda? La Mjerumani. Jiwe limekaa njiani na hakuna anayeweza kulisogeza? Mjerumani kafukia rupia chini yake. Na usibishe, maana Tukuyu yenyewe Wajerumani waliiita Neu Langenburg na boma wakajenga. Ukibisha unaoneshwa boma.

Sasa marehemu babu aliacha rafu. Ngazi nne za mbao, nyeusi tii, ndefu kunipita. Miaka yote ilikaa jikoni ikibeba masufuria na hakuna aliyeipa heshima. Mwaka huu bibi akanipa mimi, akaongeza na sufuria lake la chuma la miguu mitatu, nikalipa kirikuu elfu sabini kutoka Tukuyu hadi Uyole. Kabla hatujamaliza kushusha, jirani akaja, akaigonga rafu kwa kidole kama anachagua tikiti.

"Hii ya Mjerumani. Wazungu wananunua kwa mamilioni."

Alimwambia nani mwingine sijui, ila siku ya tatu ukoo mzima ulishajua. Shangazi akakumbuka rafu ile aliahidiwa yeye. Baba mdogo akakumbuka kumshikia babu kibatari usiku akiipigilia. Baba mdogo kazaliwa 1965. Mjerumani alifurushwa huku 1916. Lakini nani atamdai baba mdogo hesabu? Binamu wa Tunduma, ambaye tangu msiba simu yake ilikuwa haina salio, akanipigia na kusalimia mpaka kuku.

Nikaona nimwite fundi kutoka Mwanjelwa, aniambie umri na mtindo wake, nipange bei.

Fundi akailaza kifudifudi kama mgonjwa wa sindano. Nikamwonesha ule weusi: ona ilivyozeeka! Akapitisha kidole, kikatoka cheusi. "Huu moshi, mzee. Kuni za miaka kumi tu zinatosha." Akakwangua kwa patasi kidogo nyuma. Weusi ukatoka, chini yake mbao ya rangi ya uji, ina vifundo.

"Paini," akasema. "Mjerumani na mninga wote ule, paini angeitoa wapi? Hata ile ya Sao Hill kule Mufindi, sehemu kubwa imepandwa baada ya uhuru."

Nikamwambia labda alikuja nayo kwenye meli. Hakunijibu. Akaomba bisibisi, nikampa ya bapa. Akairudisha, akataka ya nyota. Jamani, hapo ndipo moyo ulipodunda vibaya. Skrubu za nyota ni za Mmarekani mmoja, Phillips, zimeanza miaka ya 1930. Mjerumani wa Tukuyu hakuwahi kuziona.

"Labda zilibadilishwa," nikasema. Kweli skrubu hubadilishwa, hata fundi alikubali. Akafungua moja: tundu lake lilikuwa jipya, halina kovu la msumari wa zamani.

"Basi mtindo je? Mtindo wake unaitwaje?"

"Mtindo wa mbao iliyopatikana."

Tukakwangua ubao wa mgongoni. Maandishi! Mekundu, yamefifia. Nikapiga kelele mke wangu akaja na mwiko. Nikasema hayo ndiyo, Kijerumani hicho, tazama kilivyo kigumu. Binti yangu wa kidato cha pili akainama.

"Baba, hiki Kichina. Kama kwenye boksi la chaja."

Kimya. Kisha nikakumbuka: babu alikuwa kibarua wa TAZARA, reli waliyojenga Wachina, ilipopita Mbeya miaka ile ya 1970. Kilomita 1,860 za reli kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, na mzee wangu alichoondoka nacho ni kasha. Na baba mdogo, kumbe kibatari alishika kweli! Mwongo pekee hapa alikuwa jirani.

Nikatangaza kwenye simu. Shangazi: "Kaa nayo mwanangu, babu alikupenda sana." Baba mdogo akasema sasa hivi hasikii vizuri, mtandao. Binamu wa Tunduma hapatikani tena.

Elfu sabini yangu hakuna aliyeiulizia.

Jana jirani kapita. Rafu hakuitazama hata kidogo. Kainama jikoni kwenye sufuria la bibi, kaligonga kwa kidole, kasikiliza.

"Hili sasa..." kaanza.

Nimemwambia anywe chai aende.