Mpangaji akighairi kabla ya kuhamia, pesa ni ya nani?

Mpangaji kaiona nyumba, kaipenda, katia saini na kulipa. Siku chache kabla ya kuhamia anapiga simu: samahani, sitakuja tena, naomba pesa yangu. Mwenye nyumba anajibu kwamba harudishi hata senti.

Mwenye nyumba si mkorofi kwa kusema hivyo. Aliyetia saini amejifunga, awe amelala humo au hajalala. Tangazo lilishaondolewa, waliokuja baadaye wakaambiwa nyumba imepata mtu, na dalali kashachukua chake (dalali akishalipwa, kumrudisha mezani ni kazi nyingine).

Lakini mpangaji hajafungua hata bomba. Dipoziti ni dhamana ya uharibifu na madeni. Asiyeingia hajavunja kioo, na deni pekee analoweza kudaiwa ni hasara ya kughairi kwake. Sasa nyumba ikipata mtu mwingine baada ya wiki mbili, na yule wa kwanza kanyimwa kodi ya miezi mitatu, miezi ileile imelipiwa mara mbili. Hapo ndipo ninapoachana na mwenye nyumba.

Sheria za mikataba za nchi nyingi humfidia aliyevunjiwa mkataba kwa hasara aliyoipata kweli, na humtaka ajitahidi kuipunguza. Kwenye upangaji nchi hazifanani juu ya wajibu huo wa pili, ila hesabu yake ni ya haki popote. Nyumba imekaa tupu siku 12? Kata kodi ya siku 12, gharama ya tangazo jipya na ada ya dalali ikibidi. Kinachobaki mrudishie, pamoja na karatasi inayoonyesha makato.

Ugomvi mwingi huzaliwa na risiti. "Nimepokea pesa ya nyumba" haisemi kama ni arbuni, kodi au dipoziti, na kila mmoja ataisoma anavyotaka. England sheria ya 2019 iliyatenganisha haya: pesa ya kushikilia nyumba kabla ya mkataba isizidi kodi ya wiki 1, na mpangaji akijitoa mwenyewe inaweza kuzuiwa, mradi apewe sababu kwa maandishi ndani ya siku 7.

Je, sababu ya kughairi ina uzito? Aliyefiwa na aliyepata nyumba ya bei nafuu wanaacha pengo lilelile, kwa hiyo huruma ije baada ya hesabu, kwa hiari ya mwenye nyumba. Ila kama mwenye nyumba ndiye aliyeahidi kukarabati choo na siku ya kuhamia bado hakijaguswa, hana cha kukata.

Kabla ya kumpa mtu mwingine funguo, wa kwanza aandike na kusaini kwamba amejitoa. Maneno ya simu hayatoshi: anaweza kutokea na mkataba mkononi na mizigo kwenye gari.