Rozela na deni la damu

Pale soko la Mwanjelwa, Mbeya, kabla hujauliza bei ya juisi ya rozela utatajiwa kazi yake. "Hii ya damu, mwanangu," mama muuzaji aliniambia, huku akifuta kwa ncha ya kanga chupa iliyowahi kuwa ya maji ya dukani. Juisi yenyewe ilikuwa nyekundu hadi inakaribia weusi. Nikanunua, nikanywa nimesimama. Uchachu ule unaokaza mashavu, kisha sukari, sukari nyingi kweli.

Dodoma wanaiita choya. Mmea ni ndugu wa bamia, unapenda joto, kwa hiyo baridi ya Mbeya au Mufindi si kwao. Tunachochemsha si ua hasa, ni ile ala nene nyekundu inayobaki imelikumbatia tunda baada ya ua kudondoka. Ajabu yake ni kwamba sisi wa nyanda za juu tumezungukwa na mashamba ya chai, Rungwe huku na Mufindi kule, ila mzazi akitoka hospitali hapelekewi chai. Anapelekewa chupa ya rozela.

Je, inaongeza damu? Wanaoitetea hawajakosea kila kitu. Madini ya chuma yamo, na uchachu husaidia mwili kufyonza chuma. Tatizo ni kwamba vitu vilevile vinavyoipa rozela rangi na ukakasi huking'ang'ania chuma hicho, kikapita tumboni bila faida kubwa. (Chai ya rangi nayo ina tabia hiyo, tena sana, ndiyo maana mwenye upungufu wa damu hushauriwa asiinywe pamoja na chakula.) Nadhani kilichotushawishi ni wekundu tu. Dondoshea chembe ya magadi kwenye glasi ya rozela uone: wekundu unakimbia, rangi inageukia bluu. Kamulia ndimu, wekundu unarudi. Damu haina mchezo huo.

Ningeliacha jambo hili lipite kama mzaha wa sokoni, ila kuna mjamzito anayeacha vidonge vya chuma alivyopewa kliniki kwa sababu vinamchafua tumbo, akahamia kwenye juisi. Damu yake huenda imepungua kwa malaria au minyoo, na hilo juisi hailigusi. Tena mjamzito ndiye hasa anayeshauriwa asiigeuze rozela kuwa dawa, kwa kuwa usalama wake katika ujauzito haujathibitishwa.

Kinachochekesha ni kwamba sifa yake yenye ushahidi haitangazwi sana sokoni. Mwaka 2010 watafiti wa Chuo Kikuu cha Tufts, Marekani, walichapisha matokeo ya watu 65 ambao presha yao ilikuwa imeanza kupanda na hawakuwa kwenye dawa. Waliokunywa vikombe vitatu vya rozela kwa siku kwa wiki sita walishuka kama pointi 7 katika kipimo cha juu. Waliopewa kinywaji cha kulinganishia walishuka pointi 1 hivi. Si muujiza, ila si haba. Anayemeza vidonge vya presha naye amwambie daktari wake kwanza, asije akashusha mara mbili. Na kwa sukari ninayoionja Mwanjelwa, sidhani kama faida hiyo inafika salama.

Wenzetu wanaipenda bila kuibebesha mzigo wote huu. Sudan na Misri wanaiita karkade, moto au baridi, na wageni hukaribishwa nayo. Senegal ni bissap, mara nyingi yenye mnanaa. Jamaika ni kinywaji cha Krismasi, na tangawizi, wengine na ramu.

Mimi mwezi wa Julai naitengeneza hivi: konzi moja ya rozela kavu kwa lita moja ya maji, tangawizi iliyopondwa, kijiti cha mdalasini, naifunika dakika kumi, nachuja. Siilazi kwenye sufuria ya alumini, uchachu wake unaila. Asali kijiko kimoja. Nikarudi siku nyingine kwa yule mama, nikamwamkia, nikamwomba isiyo na sukari. Akanitazama kwa huruma.

"Una kisukari, mwanangu?"

"Hapana, mama. Naipenda tu."

Akacheka, akanichotea kutoka kwenye ndoo ya pembeni, ile anayokunywa mwenyewe.