Hoteli ya Nyumbani Ichaguliwe kwa Kalenda ya Familia, si kwa Bei ya Pointi

Kwa karibu mwaka mzima mimi na mume wangu tulikuwa na mjadala mmoja usiokwisha: tukinunua pointi za Disney Vacation Club, mpango wa Disney wa malazi ya likizo, kule Florida, hoteli yetu ya nyumbani iwe ipi. Mwanzoni niliona kuwa swali hilo ni dogo, kwa sababu pointi hizo hutumika katika hoteli nyingi, na niliamini kwamba jina linaloandikwa kwenye mkataba ni jambo la makaratasi tu. Leo naamini kinyume chake. Katika mpango huu wote hakuna uamuzi mzito kuliko huo, na familia nyingi za kwetu zinazoishi Marekani huufanya haraka, zikitazama bei ya pointi peke yake.

Kwa msomaji ambaye hajakutana na jambo hili, nieleze kidogo. Taimushea ya kizamani ilimpa mnunuzi wiki moja ya chumba kimoja, mwaka hadi mwaka. Disney walipoanza mpango wao mwaka 1991 walitumia pointi badala ya wiki: unanunua sehemu ya umiliki katika hoteli moja mahususi, hati inasajiliwa kama hati ya nyumba, na kila mwaka unapewa idadi fulani ya pointi za kulipia malazi. Chumba kikubwa hudai pointi nyingi kuliko kidogo, na wiki ya Krismasi hudai nyingi kuliko wiki tulivu ya Septemba. Kwa upande wako, kila mwaka unalipa ada ya matunzo kwa kila pointi uliyonayo, usafiri usisafiri. Ile hoteli ambayo sehemu yake ni mali yako ndiyo hoteli yako ya nyumbani, na ndiyo inayoamua ada utakayolipa, mwaka ambao umiliki wako utakoma, na siku ambayo unaruhusiwa kuweka nafasi.

Hilo la mwisho ndilo linalopuuzwa kuliko yote. Mwanachama anaweza kuweka nafasi katika hoteli yake ya nyumbani miezi 11 kabla ya siku ya kuwasili, ilhali katika hoteli nyingine zote anasubiri hadi ibaki miezi 7. Tofauti ni miezi minne, na anayeisoma karatasini huiona ndogo. Lakini katika miezi hiyo minne ndipo vyumba vinavyotafutwa sana huchukuliwa na wenyewe. Vyumba vya studio vya Beach Club na BoardWalk, ambavyo mtu hutoka na kwenda EPCOT, mojawapo ya bustani za michezo za Disney, kwa miguu, huwa adimu sana katika majira ya vuli ya sherehe za vyakula, na vilevile katika wiki za mwanzo za Desemba. Anayefika kwenye miezi 7 hukuta vilivyobaki, na mara nyingi vilivyobaki ni vya Saratoga Springs au Old Key West, kwa kuwa hizo ni hoteli kubwa zenye vyumba vingi.

Nina rafiki aliyelipitia jambo hili. Familia yao inapenda EPCOT, na wanapenda kusafiri Oktoba. Walinunua Saratoga Springs kwa sababu pointi zake zilikuwa za bei ya chini, wakiamini kuwa kila mwaka watazihamishia Beach Club. Mwaka wa kwanza walikosa nafasi, wa pili wakakosa, na wa tatu wakapata siku mbili tu katikati ya wiki. Saratoga Springs ni mahali pazuri, penye miti na maji, na wapo watu wanaoipenda kwa dhati. Ila wao hawakuipenda, na wamefungwa nayo kwa miaka mingi ijayo. Ninapomsikiliza ninaona kosa lilikuwa kuhesabu haki ya miezi 7 kama ahadi, wakati ile ni ruhusa tu ya kujaribu. Haki ya miezi 11 nayo haikuhakikishii chumba unachokitaka, lakini inakuweka mbele ya foleni, na ndiyo nguvu pekee ambayo mkataba unakupa na ambayo mwenzako wa hoteli nyingine hana.

Kwa hiyo sisi tulianza na kalenda. Mume wangu ni muuguzi, na kwenye wodi yake maombi ya likizo hupelekwa mapema sana. Watoto wako shuleni, na likizo zao hazisogei. Tukaona kwamba tutasafiri Aprili au Desemba, na kwamba miezi hiyo ndiyo familia zote za Marekani husafiri. Mtu wa namna yetu hana budi kununua pale anapotaka kulala. Mstaafu, au mtu anayefanya kazi za kujiajiri na anaweza kuondoka Jumanne yoyote ya Septemba, anaweza kununua pointi nafuu popote na bado akafurahi, maana katika siku hizo nafasi huwa haigombaniwi sana. Ndiyo maana ushauri wa jumla ambao watu hupeana kuhusu jambo hili haunisaidii. Kabla ya kumshauri mtu, ningemuuliza kwanza anapata likizo lini na nani anamtolea ruhusa.

Baada ya kalenda tuliangalia vyumba, na hapo ndipo hoteli ya Animal Kingdom ilipotuvuta. Hoteli ya mwanzo ilifunguliwa mwaka 2001, imejengwa kwa umbo la upinde kuizunguka savana, na mgeni anayekaa upande wa mbuga huamka na kuona twiga na pundamilia, pamoja na ng'ombe wa Ankole wenye pembe kubwa kama wale wa Uganda. Vyumba vya wanachama vilianza mwaka 2007 katika ghorofa ya tano na ya sita za jengo hilo, linaloitwa Jambo House, kisha mwaka 2009 likaongezwa jengo la pili, Kidani Village. Katika Kidani hata makao yenye chumba kimoja cha kulala yana mabafu mawili, na yenye vyumba viwili yana mabafu matatu. Anayesafiri na mke au mume peke yake hatajali jambo hilo. Mimi husafiri na mama yangu anapokuja kutoka Tanga, mtu wa miaka zaidi ya sabini anayeamka alfajiri kutia udhu, na watoto wawili ambao lazima waoge wote kabla ya saa mbili asubuhi. Kwetu bafu la pili linabeba uzito kuliko mandhari yoyote. Zaidi ya hayo, kuanzia makao ya chumba kimoja cha kulala kuna jiko kamili na mashine ya kufulia, hivyo mchele wetu na nazi yetu tunaingia navyo.

Siwezi kuficha kwamba majina ya mahali pale yalinigusa. Mkahawa mmoja unaitwa Boma, mwingine Jiko, mwingine Sanaa; bwawa la kuogelea la Jambo House ni Uzima Springs, na la Kidani ni Samawati Springs. Watoto wangu wamezaliwa Atlanta, na nikiwasemesha Kiswahili hujibu kwa Kiingereza. Siku ya kwanza tuliyofika pale kama wageni wa kawaida, mkubwa alisoma ubao mlangoni kwa sauti, akasimama, akaniuliza kama kidani ni kile anachovaa bibi shingoni siku za harusi. Nilimwambia ndicho. Mama naye alikula mkate wa naan na achari pale Sanaa, huku dirishani pundamilia wakilisha, akasema achari ile ingeuzika Tanga. Mambo hayo hayaandikwi kwenye jedwali la pointi, na nashikilia kwamba yana haki ya kuhesabiwa, kwa sababu tunazungumzia mahali ambapo watoto watapakumbuka wakiwa watu wazima.

Hata hivyo hisia hiyo peke yake isingetosha kunifanya nisaini. Hoteli hii iko mbali na bustani nyingi za Disney. Haina reli ya juu kama Polynesian na Grand Floridian, wala vigari vinavyoning'inia kwenye kamba na kupita angani kama Riviera, wala njia ya miguu kama ile ya kutoka Bay Lake Tower hadi bustani ya Magic Kingdom. Kila safari ni ya basi, na mzazi mwenye mtoto aliyelala begani usiku wa manane atauona umbali huo. Korido za Kidani nazo ni ndefu mno, na mama alilazimika kupumzika njiani. Tulilazimika kujiuliza kama sisi ni watu wa kukimbilia michezo tangu asubuhi hadi usiku, au watu wa kukaa kibarazani. Jibu tulilijua, kwa sababu tulikwisha kulala pale mara mbili kabla ya kununua, mara moja kwa kukodi pointi za mwanachama mwingine. Simshauri mtu yeyote anunue hoteli ambayo hajailalia. Picha hazionyeshi urefu wa korido.

Ndani ya hoteli hiyohiyo pia haki ya miezi 11 ina kazi. Jambo House ina vyumba vichache vya daraja la chini kwa pointi, vidogo kuliko vingine, na vinachukuliwa karibu mara tu nafasi zinapofunguliwa saa mbili asubuhi kwa saa za Florida. Kwa asiyekuwa mwenyeji, kuvipata miezi 7 kabla ni bahati. Mwenyeji anayeamka mapema anaweza kukaa siku nyingi kwa pointi chache, na hapo bei aliyolipa mwanzoni inaonekana kwa sura nyingine kabisa.

Kuhusu mwaka wa kukoma, nina maoni ambayo wengi hawakubaliani nayo. Mikataba ya Beach Club na BoardWalk, pamoja na iliyo mingi ya Old Key West, inakwisha mwaka 2042. Ya Animal Kingdom mwaka 2057. Ya Riviera mwaka 2070. Watu huona kwamba mwaka wa mbali zaidi ni bora zaidi, kana kwamba wananunua shamba. Mimi naona mkataba mrefu una upande wake wa mzigo, kwa maana ada inadaiwa hadi siku ya mwisho, na huongezeka karibu kila mwaka. Mtoto wetu mdogo alizaliwa mwaka 2018; mwaka 2057 atakuwa na miaka 39, huenda na watoto wake mwenyewe, na tunaweza kumwachia kitu anachokijua na kukipenda. Lakini familia ambayo watoto wake sasa ni vijana ingeweza kununua Beach Club bila hofu, ikaitumia vizuri, na mwaka 2042 ikaachana nayo bila kutafuta mnunuzi. Kumwachia mtoto mkataba asioutaka ni kumwachia deni.

Ada nazo zitazamwe kabla ya bei. Vero Beach, iliyoko pwani ya Florida mbali na bustani, mara nyingi huuzwa kwa bei ya chini sana, na ada yake kwa kila pointi ni kubwa kuliko za hoteli nyingi za Orlando. Tuchukulie mtu ana pointi 160 na ada ikatofautiana kwa dola 3 tu kwa pointi: hizo ni dola 480 kila mwaka, na katika miaka kumi ni dola 4,800, hata kama ada haikupanda. Nafuu ya siku ya kununua huliwa taratibu. Suala la mkopo kwetu halikuzungumzwa sana, kwa sababu hatukutaka riba; tulingoja mpaka fedha zikatimia.

Tulinunua kwa mkono wa pili, kutoka kwa mwanachama aliyekuwa anauza, na Disney hawakutumia haki yao ya kuununua mkataba huo wao kwanza. Njia hii ina bei nafuu na ina masharti yake. Aliyenunua kwa mkono wa pili tangu tarehe 19 Januari 2019 hawezi kupeleka pointi za hoteli 14 za zamani kwenye hoteli mpya kama Riviera, na aliyenunua Riviera kwa njia hiyo hawezi kwenda kwingine kokote ndani ya mpango. Mnunuzi wa namna hii anategemea hoteli yake ya nyumbani kuliko mtu yeyote. Anayenunua moja kwa moja kutoka kwa Disney ana kinga nyingine: sheria ya Florida inampa siku 10 za kuuvunja mkataba, na siku hizo afadhali azitumie kusoma kila ukurasa akiwa ametulia nyumbani.

Tulinunua pointi chache kuliko tulivyokusudia mwanzoni, na sababu ni nauli. Kila dola inayokwenda Orlando si dola ya tiketi ya kwenda nyumbani, na nisingependa watoto wangu waijue Jambo House kuliko wanavyoijua Tanga. Mpango unaruhusu pointi za mwaka mmoja kuwekwa akiba kwa ajili ya mwaka unaofuata, ilimradi ziwekwe ndani ya miezi minane ya kwanza ya mwaka wako wa matumizi, yaani miezi 12 inayohesabiwa tangu mwezi ambao mkataba wako hupewa pointi, basi tumeamua kwenda Florida mwaka mmoja na Tanga mwaka mwingine. Za mwaka huu tayari tumeziweka, kwa sababu Julai tunasafiri kwenda kumwona mama. Zikiungana na za mwakani zitatosha makao ya Kidani yenye mabafu mawili kwa wiki ya likizo ya Aprili, na tarehe ya miezi 11 nimeiandika kwa wino mwekundu kwenye kalenda ya jikoni.