Mzee mmoja, milango mingi

Mzee akianguka usiku akienda chooni, hospitali huona nyonga iliyovunjika. Anayeishi naye huona mengi zaidi. Dawa ya presha iliongezwa juzi, na tangu hapo akisimama tu anapata kizunguzungu. Taa ya ukumbini imeungua. Chakula cha mchana alikigusa tu, kwa sababu kula peke yake kunamkata hamu. Yote hayo yamo katika anguko moja, lakini dawa ni ya daktari, upweke ni wa ustawi wa jamii, na taa haina mwenyewe.

Ndiyo maana naudhika huduma jumuishi, yaani hospitali na ustawi wa jamii kumhudumia mzee kwa pamoja, inapoelezwa kama kazi ya kuunganisha kompyuta za idara mbili. Ninachotaka ni mtu mmoja mwenye jina na namba ya simu, anayemjua mzee huyo, na ambaye akisema dawa ziangaliwe upya au bafuni kuwekwe vishikio, anasikilizwa.

Haya yanawezekana. Japani ilianzisha bima ya utunzaji mwaka 2000, na mzee anayetunzwa nyumbani hupata mratibu wa kumpangia huduma. Uholanzi, wauguzi wa Buurtzorg, shirika la uuguzi wa nyumbani, hufanya kazi tangu 2006 katika vikundi vidogo visivyozidi 12, na muuguzi yuleyule anayefunga kidonda ndiye anayemwogesha mzee.

Mwaka 2001 mtafiti wa afya ya wazee Linda Fried na wenzake walitaja dalili tano za kudhoofika uzeeni: kupungua uzito bila kukusudia, uchovu, mkono kukosa nguvu, mwendo wa polepole, na kutojishughulisha. Mwenye tatu kati ya hizo huhesabiwa amedhoofika. Nani huziona mapema? Anayemvika nguo asubuhi, ambaye mara nyingi ni mke au binti asiyelipwa. Yeye ndiye anayebeba karatasi kutoka mlango huu hadi ule na kurudia historia ileile kwa kila mgeni. Kikao cha kupanga huduma kikifika, haitwi.

Siahidi kwamba kuwa na mtu huyo mmoja kutapunguza gharama. Penye uhitaji uliofichika, gharama huenda ikapanda. Lakini mzee asiruhusiwe kutoka hospitalini kabla ya huyo wa nyumbani kuulizwa, ana kwa ana, ni kipi hawezi kukifanya, na jibu lake kuandikwa kwenye mpango wa huduma.