Elfu Mbili na Vidole Kumi

Kenya hii maiti hasumbuliwi na mtu. Anayesumbuliwa ni mzee aliye hai, tena kwa shilingi elfu mbili.

Nazungumzia Inua Jamii, zile pesa za serikali za mayatima, za watu wenye ulemavu mkubwa wasioweza kuachwa peke yao, na za wazee wa miaka 70 kwenda juu wasiokuwa na pensheni. Elfu mbili kwa mwezi. Zigawe kwa siku thelathini: shilingi 66 na senti zake. Hapo umepata mahamri na mbaazi, na ukitaka chai ni vizuri uwe unaelewana na jirani. Kiwango ni hicho hicho kwa zaidi ya miaka kumi sasa. Unga umepanda, nauli imepanda, mafuta ya kupikia ndiyo usiseme, lakini elfu mbili imekaa kitako.

Basi hebu ona inavyolindwa! Mzee wa mtaa sharti amjue mhusika. Naibu chifu amjue. Afisa wa ustawi wa jamii wa kaunti ndogo amwingize kwenye mfumo. Namba ya kipande, yaani kitambulisho, ipelekwe kwenye daftari la taifa la watu, ionekane ni ya mtu kweli. Benki ichukue alama za vidole. Mwisho wa mwaka aje Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali aulize zilienda wapi. Yaani macho yote hayo, elfu mbili! Laiti na mabilioni yangechungwa hivi, wallahi saa hizi Likoni tungekuwa tunavuka kwa daraja la zege badala ya feri.

Mimi sikatai ukaguzi. Pesa ya umma ikaguliwe, tena ikaguliwe sana. Neno langu ni moja: ukaguzi wenyewe umewekwa wote kwenye mlango wa kuingilia, pale anapopita mzee na mkongojo wake. Mlango wa kutokea hauna hata bawabu.

Anza na kipande. Mfumo unataka jina la kwenye kipande na jina la kwenye akaunti yafanane herufi kwa herufi. Sasa mji huu wetu wa Mombasa, bibi mmoja ana majina matatu kabla hujafika kwa babake: nyumbani Mwanaisha, madrasa Aisha, na karani aliyemwandikia kipande miaka hiyo alisikia Asha akaandika Asha. Mohamed ana m moja katikati kwenye kadi ya benki na mbili kwenye kipande. Bin imo huku, kule haimo. Kwa binadamu huyo ni mtu mmoja. Kwa kompyuta ni watu watatu, na wote watatu ni washukiwa. Dawa yake ni kula kiapo mbele ya wakili, au kwenda kurekebisha kipande chenyewe kwenye ofisi ya usajili. Ukiweza, ikague tofauti ya herufi siku ile ile ya kusajiliwa, karani akiwa bado ameishika kalamu. Ukingoja mpaka pesa zikatae kuingia, utazunguka. Na tarehe ya kuzaliwa ndiyo hiyo: nusu ya wazee wa Pwani, ukiamini vipande vyao, walizaliwa Januari mosi. Sijui mama zetu walikuwa na mapatano gani.

Haya, jina limekubali. Twende kwenye kidole.

Mzee anayelipwa kupitia benki anafika kwa wakala na mlezi wake, anaambiwa aweke kidole juu ya kioo. Mashine inalia. Rudia. Inalia. Kingine. Inalia. Wakala anamtazama mzee kama kwamba kidole amekiazima. Lakini fikiria, yakhe, hivyo vidole vimetoka wapi. Huyu amefua nazi tangu ujana. Yule amebeba magunia bandarini, au amechimba mawe, au amevuta nyavu za jarife. Bibi huyu amefua nguo za watu kwa sabuni na jiki maisha yake yote. Ile michirizi ya kidole inayosomwa na mashine imelika, na ngozi ya uzeeni nayo huwa nyembamba, kavu, haina mafuta. Mashine inatafuta milima na mabonde, inakuta uwanja wa Tononoka.

Wanaojua hufanya hivi. Mikono ioshwe, ikaushwe sawasawa, kwa sababu jasho likijaa kwenye mabonde picha yote inakuwa doa moja. Kidole kikiwa kikavu mno, kisuguliwe kwenye kipaji cha uso au ubavuni mwa pua, pale pana mafuta ya mwili ya kutosha. Kioo kipanguswe kwa kitambaa kikavu, maana kimeshapokea vidole vya mtaa mzima tangu asubuhi. Kisha kidole kilazwe taratibu. Wazee wengi wakiona mashine inakataa hubonyeza kwa nguvu za mtu anayefunga mlango wa matatu, na hapo ndipo michirizi inalala kabisa. Na siku ya kusajiliwa, mzee asikubali kuchukuliwa kidole kimoja. Vichukuliwe vya mikono yote miwili. Aliyefanya kazi kwa mkono wa kulia, wa kushoto huwa bado una cha kusomwa.

Lipo na la hina. Ofisi hazilitaji, lakini Mji wa Kale kila mtu analijua. Wiki ya Idd au ya harusi bibi amepakwa, ncha za vidole nyeusi tititi kwa piko, na pesa zimetangazwa jana. Rangi ile ikikaa juu ya ngozi, kioo hakioni mstari, kinaona kiza. Basi bibi yangu, kama bado siku chache malipo yatoke, chora viganja, chora miguu, panda mpaka kwenye kiwiko, lakini ncha za vidole ziache kwa ajili ya Wizara.

Na asiyekuwa na vidole? Na aliyepigwa na kiharusi mkono ukajikunja? Huyo ana mlezi, mtu aliyeandikishwa kumchukulia. Ndivyo hasa ilivyo kwa pesa za ulemavu mkubwa, anayefika kwa wakala ni mlezi. Fikra nzuri. Ila mlezi wa Mombasa ni msichana wa miaka ishirini na kitu, na msichana wa miaka ishirini na kitu wa Mombasa akipata viza anakwenda Saudia. Sasa mgonjwa yuko Mtongwe, kidole kiko Riyadh. Kubadilisha mlezi kunawezekana, wala si siri: kipande cha mwenye haki, kipande cha mlezi mpya, naibu chifu athibitishe, kisha ofisi ya ustawi wa jamii ya kaunti ndogo, ndipo vidole vipya vichukuliwe benki. Mambo yanaharibikia hapa: watu hungoja mlezi arudi likizo. Mizunguko ya malipo inapita, pesa hazitolewi, na mfumo ukiona pesa hazitolewi unaamua mwenyewe kwamba huyu labda amefariki, unamsimamisha. Mtu ameuliwa na kompyuta, mwenyewe yuko barazani anakunywa kahawa.

Wenye ulemavu wana safari ya ziada. Kwanza hospitali ya serikali, mbele ya jopo la madaktari, wajaze fomu ya tathmini. Halafu usajili wa Baraza la Taifa la Watu Wenye Ulemavu, ndipo kadi itoke. Kadi ni kitu cha maana, usiidharau. Kwa aliyeajiriwa inafungua njia ya msamaha wa kodi kwa mapato ya hadi shilingi 150,000 kwa mwezi, ingawa kwa huo nao kuna maombi mengine, ya mamlaka ya kodi. Lakini kadi si elfu mbili. Watu huitoa mbele ya afisa wa Inua Jamii kama tiketi ya feri, wakaambiwa, “Hii ni usajili, malipo ni orodha nyingine.” Orodha hiyo ni ya ulemavu mkubwa, yaani mtu anayehitaji msaidizi wakati wote. Mwenye mguu mmoja anayejikongoja mpaka ofisini kuomba, kwa kule kufika tu ameshajiharibia. Angebaki kitandani labda wangemfikiria.

Tena kuna maswali ya hali ya maisha. Paa la nini? Ukuta wa nini? Una kuku? Una runinga? Aliyeyatunga sidhani amewahi kulala Pwani. Kwenye fomu, makuti ni umaskini. Nyali, makuti ni hoteli, na bili yake utaililia. Kwenye fomu, ukuta wa mawe ni utajiri. Sasa nenda Kibokoni utazame: nyumba ya mawe na chokaa, mlango wa nakshi ambao watalii wanaupiga picha, na ndani bibi kizee amerithi sehemu moja ya nane ya chumba kimoja, paa linavuja, jikoni hamna hata kitunguu. Fomu inamwona tajiri. Mlango huo haupikiki.

Maswali ya namna hiyo ndiyo yanayotumika pia kumpangia mtu asiye na ajira mchango wa Mamlaka ya Afya ya Jamii, iliyochukua nafasi ya NHIF, ule mfuko wa zamani wa bima ya hospitali, Oktoba 2024. Kiwango cha chini ni 300 kwa mwezi, na asiye kwenye ajira rasmi hutakiwa alipe ya mwaka mzima kwa pamoja, 3,600. Mzee apokea 24,000 kwa mwaka, iwapo hazikuchelewa. Asipokuwa kwenye orodha ya wasiojiweza wanaolipiwa na serikali, mkono wa kulia wa serikali unampa, na wa kushoto unaomba urudishiwe karibu miezi miwili. Ongeza tuktuk. Asiyeweza kupanda matatu akikodiwa tuktuk ya mia tano kwenda benki na kurudi, robo ya pesa za mwezi imebaki barabarani.

Sasa tuje kwa maiti, yule asiyesumbuliwa.

Mtu akifia hospitali, hospitali hujaza fomu D1. Akifia nyumbani, naibu chifu hujaza D2, ndiyo inayotoa kibali cha kuzika. Sisi tunazika siku ile ile. Mtu amekata roho alfajiri, baada ya adhuhuri yuko kaburini, na karatasi zinamfuata nyuma zikihema. Fomu zinakwenda kwa msajili wa vizazi na vifo, huko ndiko cheti hutoka. Wakati huo pesa ziko wizara nyingine na akaunti iko benki. Kwamba kifo kimeandikishwa ofisi moja haina maana ofisi ya pili imesikia. Anayetarajiwa kupeleka habari ni familia, kwa naibu chifu au kwa afisa wa ustawi wa jamii. Yaani serikali inamtegemea mlezi, mwenye kidole kinachokubali na njaa inayokubali zaidi, ajipeleke mwenyewe aseme, “Jamani, zile pesa msitume tena.” Wapo wanaofanya hivyo, Mungu awalipe. Lakini ukaguzi wa kutegemea Mungu awalipe si ukaguzi. Mzee hai anakataliwa kwa kidole chake mwenyewe, na marehemu mwenye mlezi hodari anaendelea kupokea.

Mjane wa mstaafu wa serikali naye aweke kiti, foleni yake ni ya peke yake. Faili iko Idara ya Pensheni ya Hazina ya Taifa, Bima House, Nairobi. Pensheni ya wategemezi kwa kawaida ni ya miaka mitano baada ya kifo, kwa hiyo kila mwezi anaozunguka na karatasi ni mwezi wa njaa hata kama malimbikizo yatakuja. Cheti cha kifo, barua ya chifu, vipande, akaunti, haya. Kisha: cheti cha ndoa. Hapo ndipo bui bui linatota jasho. Nikahi ilifungwa miaka hamsini iliyopita, na shekhe, na walii, na mashahidi wawili, na pilau. Cheti hakuna aliyekiwaza. Inabidi aende kwa kadhi ndoa ithibitishwe, na kadhi kwa haki yake anauliza mashahidi. Mashahidi wako makaburini. Watafutwe waliokula pilau. Aliye na mume hai, na aliye na ndoa ya zamani isiyo na karatasi, aende sasa, wakiwa wawili, na wazee wanaoikumbuka harusi wakiwa bado wanajua ni harusi ya nani.

Katiba ya 2010, ibara ya 57, inasema wazee waishi kwa heshima na wapate matunzo kutoka kwa jamaa zao na serikali. Heshima nimeiona: huitwa “mzee wangu” kwenye foleni.

Pesa zikisimama, usianze kwa benki, benki itakwambia haijatumiwa kitu. Piga 1533, namba ya simu ya Inua Jamii, ni bure, ukiwa umeshika kipande cha mwenye haki na kalamu. Uliza mambo mawili tu: amesimamishwa au pesa za wote zimechelewa? Kama amesimamishwa, kwa sababu gani iliyoandikwa hapo mbele yako: jina, kidole, au kutochukua? Kila moja ina ofisi yake na dawa yake. Andika tarehe, na jina la aliyekujibu. Ukifika kaunti ndogo ukaambiwa urudi wiki ijayo, mpe kalamu hiyo hiyo aandike wiki ijayo ni tarehe ngapi.