Vi ilitengenezwa kwa mtandao kama wetu

Juzi usiku mdogo wangu alinipigia simu kutoka Kadutu, sauti kama ya mtu aliyefungiwa ndani ya nyumba. "Yaya, nimeingia humu, sasa natokaje?" Alikuwa ndani ya Vim, toleo jipya la vi, programu ya kuandikia na kusahihisha faili. Nilicheka, ingawa mara yangu ya kwanza mimi nilizima kompyuta nzima.

Wengi humwanzisha mwanafunzi na nano, programu nyingine ya aina hiyo, kwa kuwa amri zake zimeandikwa chini ya skrini. Sawa, kwa kusahihisha mstari mmoja na kuondoka inatosha. Ila hapa Bukavu mimi ningefundisha vi siku ya kwanza, na sababu yangu ni mtandao.

Bill Joy aliiandika vi chuoni Berkeley, Marekani, mwaka 1976, na akiwa nyumbani alitumia modemu ya baudi 300, yaani herufi kama 30 kwa sekunde. Skrini ilikuwa inachorwa polepole kuliko kasi ya mawazo ya mtu. Ndiyo maana amri ni fupi hivyo: dd unafuta mstari, G unafika mwisho wa faili. Nani hapa haijui hali hiyo? Mega tunanunua kwa kuhesabu, seva, yaani kompyuta tunayoifanyia kazi kwa mbali, iko Ulaya, na bado kuna mtu anapakua faili zima la kumbukumbu ili asome mistari mitatu, badala ya kulifungua kwa vi kule kule kwenye seva, kisha analalamika mega zimekwisha.

Halafu umeme. Ukikatika, ruta inazimika na laini ya seva inakufa katikati ya neno. Vim huweka nakala pembeni kila ukiandika herufi 200, au ukitulia sekunde 4. Unarudi, unaandika vim -r na jina la faili, kazi yako iko pale karibu yote.

Kuhusu kutoka: Esc, kisha :q! na Enter. Kwenye kibodi zetu za AZERTY, zile za Kifaransa, alama hizo zote hazihitaji Shift hata moja. Wenye kibodi za Kiingereza ndio wanaohangaika, kwa mara moja!

Na ukiifungua Vim bila faili, soma ukurasa wa kwanza. Bram Moolenaar, aliyeitoa mwaka 1991, aliwaomba watumiaji wasaidie watoto wa Uganda, hapo kwa jirani.

Jana mdogo wangu amepiga tena. Safari hii dd imekula nusu ya faili. Nikamwambia abonyeze u, inayorudisha kilichofutwa, aendelee kuibonyeza mpaka moyo utulie.