Kivuli cha Kihamba na Kiu ya Jani

Katika vihamba vya Moshi, yaani mashamba ya nyumbani ya Wachagga, husikika mara kwa mara hoja kwamba miti ya kivuli iliyosimama juu ya kahawa na migomba ikatwe kwa sababu inakunywa maji mengi. Hoja hiyo ina chembe ya ukweli, lakini kwa maoni yangu imejengwa juu ya dhana kwamba mzizi ndio unaosukuma maji kwenda juu, na jani hupokea tu.

Mzizi una sehemu yake. Vinyweleo vyake hufyonza maji kwa osmosisi, na usiku, udongo ukiwa na unyevu, msukumo wake hutosha kutoa matone kwenye kingo za majani ya magimbi, matone ambayo wengi wetu huyadhania kuwa umande. Mchana mvutaji ni jani. Stomata, yaani vile vitundu vidogo vya jani, hufunguka ili kuingiza kabonidayoksaidi, na papo hapo maji hutoka yakiwa mvuke; kwa kuwa molekuli za maji hushikamana, zinazotoka huzivuta zilizo nyuma, na mvuto huo hushuka hadi mzizini kupitia mirija ya zailemu, ambayo seli zake zimekwisha kufa. Wanasayansi Dixon na Joly walilieleza jambo hili mwaka 1894. Pampu ya kufyonza haiwezi kuinua maji zaidi ya mita 10 hivi, ilhali mti mmoja wa Entandrophragma excelsum katika bonde la Kilimanjaro, ambao habari zake zilitangazwa mwaka 2016, una urefu wa mita 81.5; ni kushikamana huko kwa molekuli kunakoyafikisha maji kileleni.

Basi kinachoamua kiu ya mmea ni jua, upepo na ukavu wa hewa inayolizunguka jani. Mgomba hukunja majani yake jua la mchana linapowaka. Mbuni, ambao asili yake ni chini ya miti ya misitu ya Ethiopia, ukiachwa wazi hupoteza maji zaidi au hufunga stomata na kuacha kujitengenezea chakula. Anayekata kivuli huokoa maji yaliyonywewa na mti mmoja, kisha huiongezea kiu mibuni yote iliyokuwa chini yake. Matawi yapunguzwe, sawa, maana kivuli kizito nacho hupunguza mavuno. Mkaratusi uliopandwa kando ya mfongo, yaani mfereji wa kumwagilia, ni kesi nyingine, na huo sitautetea.